Jamvi la Bi Ghaliya

Gurudumu la mbele liliteleza mchangani, nikaanguka na baiskeli yangu katikati ya jamvi la karafuu zilizoanikwa kando ya njia.

"Bi Ghaliya," jirani aliita, "mgeni kakumwagia karafuu."

Mwenye karafuu alitoka uani akijifunga kanga. Tulikuwa tumeanza mashindano kwa kuogelea, na nguo zangu zilikuwa bado zimelowa, kwa hiyo karafuu zilininata kuanzia begani hadi kiganjani. Nikangoja anigombeze.

Alinishika mkono, akaanza kuzibandua moja moja, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba.

Tangu nitoke kwetu Nyahururu na baiskeli yangu, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa. Hata kabla ya hapo, sikumbuki vizuri.

Mshindani mmoja alitupita, kisha wawili kwa pamoja. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza tangu baharini, na baada ya baiskeli zilibaki mbio za miguu za msitu wa Ngezi, huku Pemba, tu.

"Nenda zako, mwanangu," alisema. "Zilizomwagika n'taziokota mwenyewe. Wenzio washakupita, na watu wako wanakungoja huko mwisho."

Niliitazama njia hadi vumbi lao likatua. Kisha nikailaza baiskeli kwenye majani, nikapiga magoti.

"Hizi za mchangani," nilimuuliza, "tunaziokota moja moja?"

Bi Ghaliya alinisogezea ungo.