Mafuta Yaliyohama

"Soma tena," alisema Roland Pelkey.

Profesa Thurlow akainamia mizani ya magunia. Juu yake alisimama mke wa Roland, Bi Verna, bila viatu, bila saa, hata vibanio vya nywele kaviweka pembeni.

"Ratili mia mbili na kumi na nne."

"Haya, msomi, nieleze! Daktari kaagiza kabichi, nampa kabichi. Kabati nimelipiga kufuli, ufunguo nalala nao. Lakini tangu aanze kukulishia hao panya wako, kila wiki anaongezeka. Mnamfanya nini humu maabarani?"

Bi Verna akatazama dari. Alikuwa mtu wa haya.

Profesa alikuwa ameganda kuliko theluji ya jimbo la Maine iliyolala dirishani. Kwa miezi minne jambo moja lilimnyima usingizi: panya wake arobaini, aliowadunga homoni kila asubuhi, walimaliza chakula cha kunenepesha hadi chembe ya mwisho, na bado walikuwa wembamba kama penseli. Na si chakula cha mchezo. Ni shahamu, sukari na maziwa ya unga, vimekandwa pamoja, harufu yake kama biskuti kabla hazijaokwa. Bi Verna aliwawekea jioni, Bi Verna akapima mabaki asubuhi. Daftari lake lilijaa sifuri ukurasa hadi ukurasa.

"Panya wanakula kama mafahali, hawanenepi," alinong'ona Profesa. "Bi Verna anakula kama ndege, ananenepa." Mara akaruka. "Yamehama! Homoni inayafukuza mafuta kwa panya, yanatoka na pumzi, yanaingia kwa Bi Verna!"

"Unasema mke wangu ni pipa la mafuta ya panya?"

"Kisayansi, ndiyo."

Ijumaa akaja Daktari Hollis, mkaguzi wa wafadhili kutoka Boston, mtu mkavu kama fagio, kuifunga maabara. Barua alikuwa nayo mfukoni, imebaki sahihi tu. Akiitia, kazi ya Profesa ya miaka kumi na tisa inakwenda jalalani, na Bi Verna anarudi nyumbani kwenye kabichi, mchana na jioni, moja kwa moja.

"Mafuta kuruka hewani!" alisema Hollis. "Upuuzi nimeusikia mwingi, Thurlow, lakini huu umevaa na kofia."

"Nipe wiki mbili nikuthibitishie."

"Chukua. Ila huyu mama aende likizo. Panya nitawalisha mwenyewe, na kupima nitapima mwenyewe."

Bi Verna akabadilika rangi. "Wiki mbili nzima? Nyumbani?"

"Nyumbani."

"Na panya wangu je?"

Machozi yakamlenga. Hata Hollis aliguswa na mapenzi yale kwa wanyama.

Wiki mbili zikaisha. Panya walikuwa wameumuka kama maandazi, matumbo yanatangulia, miguu inafuata ikipata nafasi. Roland akamleta mkewe, mashavu yamemshuka, macho yamemtoka. Wakampandisha mizani.

Mia mbili na mbili.

Hollis akasoma mara tatu. Akakaa juu ya gunia, akaitoa ile barua, akaichana vipande vinne.

"Miaka thelathini nimewafundisha watu kwamba haiwezekani," alisema. "Nisamehe, Thurlow. Maabara haifungwi."

Profesa akambusu Bi Verna kwenye paji la uso, na kwa furaha akambusu Roland pia, ambaye alijifuta kwa kofia.

"Lakini mama," Hollis aliendelea kwa upole, "hatuwezi kukulazimisha kurudi chumba kile. Mafuta yote yale yatakurukia tena."

"Usirudi, Verna," alisema Roland. "Afya kwanza."

Bi Verna alifunga aproni taratibu, kwa uso wa mtu anayekwenda vitani. "Kama ni kwa ajili ya sayansi," alisema, "nitajitolea."

Wakampigia makofi hadi mlangoni. Akaingia, akafunga kwa ndani, akalivuta bakuli la kwanza. Kisha akatoa mfukoni kijiko na kichupa cha jemu, maana chakula kile, bila jemu, huwa kinakwama kidogo kooni.