Mama Kwenye Kioo cha Simu

Siku hizi VPN, ile programu ya kuficha mahali ulipo mtandaoni, haizimwi. Ukiizima, simu nayo inakufa. Kwa kuwa inagombana na programu za video, mafundi waliweka kiraka: picha ikikwama, mtambo unachora sura yako kutokana na video za simu ulizopiga zamani.

Jana, nikiwa kazini kwangu Muscat, nilimpigia Mama aliyeko Korogwe. Alitokea na mashavu yamejaa, amevaa kanga ya harusi ya dada.

"Shikamoo, Mama. Umependeza!"

"Marahaba. Nimependeza wapi, Nasra? Hapa nimebaki mifupa. Daktari amesema tusihangaike tena na dawa."

Nilipunguza ubora wa picha. Nikafuta programu, nikaiweka upya, nikampigia tena. Alirudi vilevile, mnene, anatabasamu.

"Mama, nataka kukuona wewe mwenyewe."

"Hata mimi nilitaka kukuaga vizuri. Lakini mbona unacheka? Nakwambia nakufa, wewe unacheka?"

"Sicheki, Mama. Ni mtambo huu. Nalia!"

"Mimi naona meno tu, mwanangu," alisema, akakata simu.