Mtu wa Gari

Kemboi aliwasha waipa badala ya indiketa. Jua lilikuwa linawaka barabara nzima ya Kiminini, kioo kikavu kabisa, na waipa zikaanza kukwaruza.

"Mkono umeniponyoka," alisema, akapapasa hadi akazizima.

Walubengo, aliyeketi kando yake, aliitazama mikono yake. Mtu asiyejua swichi za gari lake mwenyewe ni mtu wa namna gani?

Walubengo alikuwa ametoka Malakisi alfajiri kwa sababu ya tangazo dogo gazetini: gari la Poshe, jekundu, panda kwanza ndipo ununue, Kitale mbele ya soko, Ijumaa saa nne. Jina la mwenyewe halikuwepo. Alipofika alilikuta gari mlango wazi, ufunguo mahali pake, na mwanamume wa makamo mwenye suti ya kahawia ameketi kwenye usukani akiupapasa.

"Wewe ndio wa gari?" Walubengo aliuliza.

"Eeh, ni mimi wa gari. Naitwa Kemboi. Nimekungoja mpaka nikachoka, mzee. Twende?"

"Twende."

"Mpaka wapi?"

"Si wewe ndio unajua?"

"Hapana, sema wewe."

Walubengo akasema Bungoma. Huko alijulikana, na kama kungetokea lolote, hangekosa wa kumtetea.

Kusema kweli, gari lilimtia wazimu. Ujanani alikamua ng'ombe Endebess kwa mzungu aliyekuwa na la aina hiyo hiyo. Kila mvua iliponyesha walilisukuma kutoka matopeni, na hakuna siku aliyoambiwa aketi ndani. Leo ameketi. Kemboi alipokanyaga mafuta baada ya Kiminini, mgongo wa Walubengo ulibanwa kitini, mahindi ya pande zote mbili yakawa ukuta mmoja wa kijani, na mzee huyo wa kanisa mwenye wajukuu akacheka peke yake kwa furaha.

Kisha akakumbuka pikapu. Mwaka wa themanini na saba alinunua pikapu kwa mtu mcheshi sana, na baada ya wiki mbili mwenyewe halisi akaja kuichukua pamoja na polisi. Walubengo alilala korokoroni siku tatu. Kanisa lilimsamehe. Mkewe, Agneta, alimwambia kwamba safari ya pili hatamletea hata uji.

"Usiogope, mzee," Kemboi alisema, maana alimwona ameng'ang'ania mlango. "Mimi nikishika gari, naishika kama yangu."

Kama yake? Walubengo aliwaza.

Bei haikutajwa. Walubengo alikuwa ameapa kwamba mwenye kuuza ndiye atakayeanza, maana anayeuliza kwanza huonyesha njaa yake. Ajabu ni kwamba Kemboi naye alinyamaza, akimtupia jicho la pembeni kila mara, kama anayesubiri neno.

"Hii gari haina maneno, lakini?" Kemboi aliuliza ghafla.

"Maneno gani?"

"Ah, nauliza tu, mzee. Siku hizi unaweza pata gari moja iko na wenyewe wawili."

Ananipima, Walubengo aliwaza. Anataka kujua kama nimemshtukia.

Misikhu walisimama ili waitazame injini. Kemboi alizunguka mbele kwa madaha, akafungua boneti, akainama. Ndani mlikuwa na gurudumu la akiba na nafasi tupu. Aliinama hapo muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa, kisha akainua macho na kumtazama Walubengo.

"Injini iko nyuma," Walubengo alisema taratibu.

"Eeh, hapo sasa," Kemboi akacheka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Hapo sasa nimeamini."

Walubengo naye aliamini. Aliamini yuko na mwizi. Alitamani kubaki pale pale Misikhu na wauza ndizi, lakini watu watatu walikuwa wameshalizunguka gari na mmoja wao alimwita kwa jina, akampongeza. Ameshaonekana. Hata akikimbia sasa, watasema walikuwa pamoja.

Walipokaribia Webuye alijaribu mara moja.

"Niache hapa tu, bwana Kemboi. Nimekumbuka kuna mtu nataka kumwona."

"Nikuache aje? Sasa mimi niende na gari wapi peke yangu?"

Kwa hiyo ananihitaji, Walubengo aliwaza. Mwizi aliyepakia mzee mwenye mvi hasimamishwi. Moyo ulimuuma kwa hasira na kwa aibu, maana aliona ni yale yale ya pikapu, na safari hii mwizi amevaa tai. Akaapa kimoyomoyo kwamba atamwambia askari wa kwanza watakayekutana naye kila kitu, hata kabla ya kusalimiwa.

Kizuizi kilikuwa nje kidogo ya Bungoma. Askari aliwapungia mkono, akalizunguka gari, akasoma namba, akatoa kikaratasi mfukoni akailinganisha nacho. Alipoinama dirishani hakuwa anatabasamu.

"Hii namba tumepigiwa simu kutoka Kitale sasa hivi," alisema. "Inatafutwa. Gari ni ya nani?"

Walubengo alikuwa tayari tangu Misikhu. Alimnyooshea Kemboi kidole, akafungua mdomo.

Lakini kidole cha Kemboi kilikuwa kimeshamfika yeye kifuani.

"Ni ya huyu mzee, afande. Mimi nimekuja tu kununua."