Gundi Mpya

Bi Sikudhani alikuwa amepaka gundi soli za viatu kwa miaka kumi na tisa, na pua yake ilikwisha kufa. Hata kitunguu kikiungua jikoni kwake, hajui mpaka aambiwe. Asubuhi hiyo mwenye karakana, Bwana Mbaruku, alimletea kopo la gundi mpya isiyo na sumu.

"Ila inakauka polepole," alisema. "Wateja watangoja. Amua wewe, Bi Siku."

Sikudhani akamwita Nasra, aliyekuwa na ujauzito wa miezi sita na kitambaa mdomoni kama wenzake wote. "Hebu ninusie, mwanangu."

Nasra akashusha kitambaa, akainama kwa woga, akanusa. Kisha akavuta pumzi nyingine, ndefu, kama mtu aliyeibuka majini.

"Hainuki kitu, shangazi."

Sikudhani akaweka kiganja juu ya tumbo lile, akamhisi mtoto akijigeuza.

"Wateja wangoje," alimwambia Mbaruku.

Makopo ya zamani yakatolewa nje. Wanawake wakafungua vitambaa, mmoja mmoja. Kwenye meza ya nyuma mtu akaanza kuimba, chini chini, na Sikudhani, ambaye hakuwahi kusikia wimbo mle, akageuka kutazama sauti ile ilikuwa ya nani.