Upande wa Pili wa Sinia

"Walivamia, au waliotea?" Bwana Mkubwa alimwuliza Swedi, mkalimani wa boma.

Mjerumani huyo Kiswahili alikijua. Kigogo ndicho kilichomshinda. Na kwake maneno hayo mawili hayakuwa ndugu. Aliyevamia waziwazi alichapwa viboko na kunyang'anywa mifugo. Aliyejificha akaotea, alinyongwa.

Mzee wa kijiji cha Haneti alisimama mbele yao, mnyororo shingoni, udongo mwekundu umemkaukia nyuma ya masikio. Alikwisha kusema yote kwa Kigogo, bila kificho. Askari waliwachukulia ng'ombe. Yeye na wenzake wakalala majanini karibu na kisima, na askari walipoinama kunywa maji, wakawarukia. Askari mmoja akafa.

Askari huyo ndiye aliyekuwa akila na Swedi. Wagogo, watu wa mama yake, walimwona Swedi mtu wa Wajerumani. Askari walimwona Mgogo. Marehemu peke yake ndiye aliyekuwa akivuta mkeka na kuketi ng'ambo ya sinia.

"Swedi, nakungoja."

Mzee akamgeukia. "Mwambie kama nilivyosema, mwanangu."

Siku nyingi Swedi alikuwa hajaitwa mwana wa mtu.

"Walivamia, Bwana Mkubwa."

Jioni alisonga ugali wa uwele, na kwa mazoea akasonga wa watu wawili. Akaupakua kwenye sinia, akala upande wake. Alipofika katikati, mkono ukasimama.