Chungu cha Mbegu

Nyemo alipuliza vumbi, na mdomo wa chungu ukajitokeza. Ulikuwa umezibwa kwa udongo, na katikati ya udongo palikuwa na alama ya kidole gumba.

Mtaalamu wa mambo ya kale aliyemwajiri Nyemo kuchimba alikizibua taratibu. Ndani mlikuwa na majivu, na katika majivu punje za uwele tele, nyeusi kama makaa.

"Ni mbegu," alisema. "Zimekaa humu maelfu ya miaka, na wenyewe hawakuzionja."

Nyemo aliitazama mifupa iliyokizunguka chungu, ya watu wazima wawili na watoto watatu.

"Hawa waliuawa na nini, bwana?"

"Njaa, dada. Walikuwa wakingoja mvua."

Nyemo alirudi nyumbani mbio jua likiwa bado kali. Huu ulikuwa mwaka wa tatu bila mvua. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kando ya chungu chao cha mbegu, na watoto watatu wa Nyemo walikuwa wamelala kukizunguka, maana hapo sakafu ilikuwa na ubaridi.

"Mama, leo tukifungue tupike."

"Halafu tupande nini, mwanangu?"

Mama mkwe aliona ufa kwenye udongo wa mdomoni. Akaulowesha kwa mate, akaubonyeza kwa kidole gumba.

Nyemo akaketi karibu na watoto.