Ukuta Uliopakwa Kahawa

Arvid Koskela alikuwa amepiga magoti nyuma ya nyumba yake ya magogo, akiupaka ukuta kahawa kwa brashi ya rangi.

Hakuwa amerukwa na akili. Gogo la chini upande wa kaskazini, lile linalobeba mengine yote, lilikuwa limeoza kama mkate uliosahauliwa kwenye maji. Arvid alikuwa amelichokoa, akajaza pengo kwa gundi ngumu iliyochanganywa na unga wa mbao, akasugua kwa msasa mpaka pakalainika. Shida ilibaki kwenye rangi. Kiraka kiling'aa kama jino la bandia. Kahawa nzito iliyolala ndiyo iliyokizeesha.

Lorna, mkewe, alikuwa kibarazani na kitambaa cha maji ya moto gotini. Magoti yake yalikwisha kukataa ngazi. Binti yao kule mjini Duluth alikuwa tayari kuwajengea chumba cha chini, nyumba hii ikishauzwa.

Wanunuzi wawili walikwisha kuja. Wa kwanza alibonyeza gogo kwa kidole gumba, kidole kikazama. Akaomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyelitoboa, akaenda zake. Wa pili hakuhitaji kubonyeza. Aliona uyoga.

Kwa miaka Lorna alikuwa amemsihi mumewe asirundike kuni ukutani, azoe theluji kabla haijayeyukia kwenye magogo, atengeneze mfereji wa paa uliovunjwa na barafu. Kila mara Arvid alimjibu kwamba misonobari aliyoikata babu yake haiozi. Inayooza ni ya madukani. Sasa, maji yakiwa yamekwisha kumwagika, yote aliyoambiwa aliyafanya kwa wiki moja. Mfereji mpya ukapanda, kuni zikahamia bandani, na yale maua ya chini ya dirisha, yaliyomwagiliwa maji pamoja na ukuta kila jioni, yakang'olewa.

"Si ungemwambia tu ukweli huyu wa leo," Lorna alisema.

"Ukweli wale wawili waliuona," Arvid akajibu. "Wako wapi?"

Mgeni alifika mchana. Alikuwa mwanamke wa makamo, Dorothea Blanchette, amevaa buti za mpira na kushika bisibisi. Alisema waziwazi kwamba yeye si fundi. Ametumwa tu, na ameelekezwa pa kuchoma. Arvid akajua papo hapo kwamba kuna mume mwoga ameachwa nyumbani. Akafurahi, maana mume mwoga humsikiliza mkewe.

Dorothea alikwenda moja kwa moja upande wa kaskazini, akachuchumaa, akalichoma gogo la chini. Bisibisi ikagoma. Akasogea, akachoma tena, ikagoma tena. Akageuza mpini na kugonga, na ukuta ukamjibu kwa sauti kavu, yenye kiburi.

Akashusha pumzi. Arvid aliielewa vizuri pumzi ile. Ilikuwa ya mtu aliyekosa kisingizio cha kupunguziwa bei.

Akauliza kama theluji hulala ukutani. Arvid akasema haipati nafasi, yeye huizoa kabla hajanawa uso. Akauliza kama maji ya mvua huyarukia magogo. Arvid akamwonyesha mfereji, akausifu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Vipi sisimizi wale wanaotoboa mbao? Arvid akasema sisimizi wa huku wamelelewa vizuri.

"Na uyoga, mzee? Hata kidogo tu, pembeni?"

"Dada yangu, nyumba hii uyoga hatuutaki hata kwenye supu."

Lorna akakohoa kibarazani. Arvid akamkata jicho. Lorna akayatazama magoti yake, akakiweka sawa kitambaa.

Wakazunguka nyumba nzima. Kadiri bisibisi ilivyogoma ndivyo mgeni alivyozidi kunyong'onyea, na kadiri alivyonyong'onyea ndivyo Arvid alivyozidi kupamba. Alisema nyumba hii itawazika wajukuu wa wajukuu. Alisema magogo haya yakigongwa na lori, la kuhurumiwa ni lori.

"Kwa hiyo hakuna gogo hata moja la kubadilisha?" Dorothea akauliza.

"Fundi akija hapa atalala njaa."

Dorothea akatikisa kichwa polepole. Akakubali kipande cha pai ya zabibu mwitu aliyooka Lorna, akala nusu, akasema atapiga simu.

Jioni ile Arvid alipiga mluzi mpaka akakauka midomo. Akamwambia mkewe aanze kufunga vyombo. Lorna alisita, kisha akatoa glasi za harusi yao kabatini, akazifunga moja moja kwenye magazeti. Alipomaliza alikuwa anatabasamu, na alikuwa amekwisha kuamua kitanda kitakaa upande gani kule Duluth.

Simu ilikuja baada ya siku chache. Lorna ndiye aliyepokea. Alisikiliza muda mrefu, akashukuru, akairudisha simu mahali pake, akaendelea kumenya viazi.

"Amesemaje?" Arvid akauliza.

"Amenunua ile nyumba ya marehemu Sorensen, ng'ambo ya ziwa. Hakubishania hata bei."

Arvid akacheka mpaka akashika meza. Ile imelala kama mlevi, alisema. Mume wa watu akiiona si atampa talaka?

"Hana mume. Ni mkuu wa chuo cha mafundi wa nyumba za magogo; walimu wake ndio waliomwelekeza pa kuchoma." Lorna akachukua kiazi kingine. "Walikuwa wanatafuta iliyooza, wanafunzi wapate pa kujifunzia. Anasema yetu ingewafaa kwa kila kitu, ila tu ni nzima."